Hatua Saba za Lumko kwa kikundi cha akina mama wa makamo, nazipa nyota nne na nusu

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kama uko arobaini au hamsini na kitu na moyo unakusukuma uanzishe kikundi cha akina mama cha kusali na kushirikishana, swali kubwa ni mkishakaa mnafanya nini, maana rozari wote mnaijua na ikiisha watu wanaaga, au mnabaki kupiga stori mpaka muda unaisha. Sisi tulichagua hatua saba za Lumko na tumekaa nazo vya kutosha sasa naweza kuzisemea.

Kwa asiyezijua, zilitoka Taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, ni kazi ya mapadre wawili Wajerumani, Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ambao baadaye wote wakawa maaskofu, na zimesambaa Afrika na Asia kwenye jumuiya ndogondogo. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala, mnasoma Injili, kila mtu anachagua neno au fungu fupi lililomgusa analitamka taratibu mara tatu, mnanyamaza, mnashirikishana, mnaangalia Mungu anawatuma kazi gani, mnamaliza kwa sala za moyoni. Basi. Haihitaji padre wala katekista awepo, wala mtu aliyesoma teolojia.

Hatua ya tatu inaonekana ndogo ila ndiyo inawafungua midomo wale ambao miaka yote kanisani wako benchi la nyuma na hawajawahi kusema kitu, kwa sababu hausemi la kwako, unasema tu maneno ya Injili na wenzako wanayapokea. Halafu ukimya. Jamani ukimya! Mwanamke wa umri huu wazazi wanaugua, watoto wengine wameondoka wengine wamerudi, usiku usingizi hauji kwa joto la kukoma hedhi, simu haiachi kuita, sasa mtu anakupa dakika tano ambazo hakuna anayekudai chochote na umezungukwa na wenzako wanaosali. Anzeni na dakika tatu, zitaongezeka zenyewe.

Lakini nyota nyingi nimezitoa kwa hatua ya tano. Sheria yake ni unasema "mimi", husemi "sisi wanawake tunapaswa", huhubiri, humjibu mwenzako. Hiyo ya kutojibu ndiyo ngumu na ndiyo dawa. Sisi tumezoea mtu akisema mume wangu hatuongei, hapohapo ushauri unamiminika kila upande, mwenzangu fanya hivi, mwenzangu mimi yangu yalikuwa zaidi, na yule aliyeanza anarudi nyumbani na mzigo wake uleule na aibu juu. Hapa anasikilizwa mpaka mwisho, na jibu lake analipata hatua ya saba, mtu anamwombea kwa sauti. Tuliposoma Luka sura ya 1, Maria anapomtembelea Elizabeti, mimi lililonishika ni "miezi mitatu". Kipindi kile nilikuwa naenda na kurudi kumuuguza mama, na kumbe Mama wa Mungu naye alikwenda akakaa kwa ndugu yake mtu mzima mwenye mimba, hakuja kusalimia na kuondoka. Nililia, hakuna aliyeninyamazisha, na nawashukuru mpaka leo.

Nusu nyota imepotelea hatua ya sita. Kwa akina mama inageuka kamati haraka sana, michango, ratiba, nani mweka hazina, na sala imekufa hapo. Chagueni jambo moja dogo, kumtembelea mgonjwa fulani wiki hii kwa mfano, mengine yawekeeni siku yake. Pia ongezeni sheria ya siri na muirudie kila mkikutana, kinachosemwa hapa hakiendi WhatsApp, hakiendi kwa mume, hakiendi hata kama nia ya sala kwenye grupu lingine. Na mtu akisema anapigwa au anataka kufa, hapo kusali peke yake hakutoshi, mmoja amshike mkono ampeleke kwa wanaoweza kumsaidia.

Kuna wanaopendekeza lectio divina, yaani kusoma Maandiko kwa sala, ile ya ngazi nne alizozipanga Guigo II, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, kusoma, kutafakari, kusali na taamuli, yaani kutulia kimya mbele ya Mungu. Naipenda sana nikiwa peke yangu alfajiri, ila yenyewe ni ya mtu na Mungu wake, kwa kikundi kinachotaka kusikilizana naona Lumko inabeba zaidi. Na wanaotaka kuichambua Biblia, historia yake na nani aliandika lini, hatua hizi hazitawatosha, watafute kozi.

Watu sita mpaka kumi wanatosha, mkizidi hapo hatua ya tano haiishi. Paroko mwambieni mapema, sio kwamba mnahitaji kibali ili msali pamoja, kanuni ya 215 ya Sheria za Kanisa inawapa waamini uhuru wa kuanzisha vikundi vya ibada na vya matendo ya huruma, ila akijua atawatumia wale wanawake wanaokuja ofisini kwake na upweke ambao hawajui waupeleke wapi. Anzeni na Injili ya Jumapili inayokuja, Biblia ya maandishi makubwa, na mtu mmoja wa kuangalia saa.