Mfano wa plastiki wa mfumo wa upumuaji: umbo limetimia, pumzi haionekani

Mfano huu, ambao niliununua kwa ajili ya darasa la baiolojia la sekondari katika duka la vifaa vya maabara karibu na Barabara ya River, Nairobi, unastahili sifa kwa namna ulivyozingatia umbo. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, na nafasi ya moyo imeachwa upande wa kushoto kama inavyopaswa. Kilichonivutia zaidi ni bomba la hewa: pete zake za gegedu ziko wazi kwa nyuma, mahali linapopakana na umio, na tawi liendalo pafu la kulia ni pana na limesimama wima kuliko lile la kushoto, jambo linaloeleza kwa nini punje ya njugu inayompalia mtoto mara nyingi huishia kulia. Michoro mingi huyaonyesha matawi hayo yakiwa sawa. Kidakatonge, kifuniko cha njia ya hewa wakati wa kumeza, nacho hufunguka na kufunga, ingawa bawaba yake haitastahimili mikono ya wanafunzi.

Kwenye kipande kinachokuza vifuko vya hewa, rangi za mishipa zimekosewa. Ateri ya mapafu imepakwa nyekundu, rangi ya damu yenye oksijeni nyingi, na vena buluu, ilhali katika mapafu, tofauti na sehemu nyingine za mwili, ateri ndiyo huleta damu yenye oksijeni kidogo na hewa ukaa nyingi, na vena hurudisha moyoni damu iliyokwisha kusafishwa. Nimezipaka upya mwenyewe.

Upungufu mkubwa, hata hivyo, ni kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu), ambacho hapa ni sahani ngumu isiyosogea. Mapafu hayana misuli ya kujivutia hewa. Kiwambo kinapokaza hushuka na kuwa bapa, mbavu huinuka na kutanuka, kifua hupata nafasi zaidi, shinikizo la ndani hupungua kuliko la nje, ndipo hewa huingia. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonekana katika mfano huu. Chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, yenye puto ndani na mpira mwembamba uliofungwa chini, hulionyesha vizuri zaidi kwa gharama ndogo sana.

Muuzaji aliniruhusu kufungua kasha na kukagua kila kipande kabla ya kulipa. Kijitabu cha maelezo hakikuwamo, kwa hiyo namba zilizobandikwa kwenye viungo zitamfaa tu mwalimu anayevifahamu tayari.