Injini ya Tabo Ndani ya Land Rover 109 ya Zamani: Tathmini ya Kazi ya Gereji Moja ya Mtwara

Nimesubiri miezi 11 kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu injini iliyohamishwa kutoka gari moja kwenda jingine haihukumiwi siku inapowashwa mbele ya mteja, bali baada ya kumaliza msimu mzima wa korosho pamoja na mvua zinazoufuata, ikiwa imebeba mzigo, imepanda milima na imevuta vumbi la kutosha. Gari lenyewe ni Land Rover Series III, pikapu ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), aliyoiacha marehemu baba yangu. Gereji iliyofanya kazi hiyo iko Chikongola, hapa Mtwara mjini, na sitaitaja jina kwa kuwa ninayo lawama moja juu yake ambayo tumekwisha kuisawazisha wenyewe.

Huko Marekani wapenzi wa magari huchukua Mustang ya miaka ya 1960, wakang'oa injini kubwa ya silinda 8 na kuweka injini ndogo ya kisasa yenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini, kisha wakapata nguvu ileile au zaidi kwa mafuta machache. Sisi wa Kusini gari letu la heshima lilikuwa Land Rover. Lilipeleka walimu, waganga na mabwana shamba hadi vijiji ambavyo basi halikufika, na watu wengi wa rika langu wanaweza kuutambua mlio wake kabla halijatokea kwenye kona. Kwa hiyo nilipoamua kubadilisha injini sikuwa natafuta gari la mbio. Nilitaka gari la baba lipande uwanda wa Makonde likiwa na mzigo, bila kunitia aibu na bila kunifilisi kituo cha mafuta.

Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na hili la kwetu lilikuja na injini ya petroli ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ambayo ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi zipatazo 70. Yetu haikuwa mpya. Ringi zilikuwa zimekwisha, moshi wa buluu ulitangulia salamu, na kwa lita 1 ya petroli sikuweza kupata zaidi ya kilomita 5 na nusu. Ningeweza kuifufua, lakini hata ikifufuliwa ingerudi kwenye farasi walewale 70, katika gari zito lenye umbo la kabati mbele ya upepo.

Uchaguzi wa injini ulinichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Rafiki zangu wengi walinishauri 1KZ-TE ya Toyota, lita 3, kwa hoja kwamba spea zake zimejaa nchini. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini pampu yake ya dizeli huongozwa na umeme, kwa hiyo injini haihami peke yake: inahama na kontroli boksi, sensa na furushi la nyaya, na vyote hivyo vinakwenda kuishi ndani ya gari ambalo milango yake haijawahi kuzuia maji, katika mji ambao upepo wa bahari hula hata misumari. Mwishowe nilichagua 200Tdi, injini ya dizeli ambayo Land Rover waliianzisha mwaka 1989 katika Discovery. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,495, silinda 4, tabo, na pampu ya Bosch inayoendeshwa kimakanika kabisa. Waya unaohitajika ili injini iendelee kunguruma ni mmoja tu, ule unaofungua njia ya dizeli kwenye pampu. Katika Discovery hutoa farasi 111, lakini kinachoihusu pikapu ya mzigo ni nguvu ya mzunguko: nyutoni mita 265, zinazopatikana kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Injini ya zamani ya petroli ilitoa takriban 160. Tena 200Tdi ni mjukuu wa injini hiyohiyo ya zamani, kiasi kwamba inafungika kwenye giaboksi ya Series bila kutafuta kipande cha kuunganishia. Ndugu yake aliyemfuata, 300Tdi ya mwaka 1994, amebadilishiwa mahali pa kukalia maunti, yaani vishikio vinavyoifunga injini kwenye chasisi, na ndiyo maana fundi alinisihi nisidanganywe na namba kubwa.

Injini iliyotumika niliinunua Dar es Salaam kwa shilingi milioni 4 na nusu. Kabla ya kulipa, fundi alinitaka nimpigie simu nikiwa mbele ya injini, akaniambia nishike mhimili wa tabo kwa vidole viwili niujaribu. Alisema kuzunguka bila kukwama ni sifa, mchezo mdogo wa pembeni hauna neno, lakini ukisogea mbele na nyuma niiache injini hapohapo. Ushauri huo hakunitoza chochote, nami nauhesabu kuwa sehemu bora ya huduma yake.

Siku ya kwanza nilipolipeleka gari, aliinua boneti, akaliangalia kwa dakika nyingi bila kusema, kisha akaniambia: "Mwalimu, injini hii nitaikalisha kwa siku nne. Fedha yako na muda wako vitakwenda kwenye vitu vinavyoipokea." Nilidhani ni maneno ya kupandisha bei. Sasa nayaona kuwa ndiyo kipimo cha kuipimia gereji yoyote inayokubali kazi ya namna hii, na atakayekuahidi kubadilisha injini pekee bila kuuliza habari za breki, rejeta na difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu) hajaielewa kazi yake.

Kuikalisha kwenyewe kulikuwa na kikwazo kimoja kikubwa. Tabo ya 200Tdi iliyotoka kwenye Discovery inakaa chini, na ndani ya chasisi ya Series inagongana na maunti ya injini. Fundi aliikata maunti ya zamani, akachomelea nyingine iliyochongwa kwa kipimo, na chomeleo lake ni safi; nimelala chini ya gari mara kadhaa kulikagua na sijaona ufa. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ilipelekwa kwenye karakana ya kuchonga ili itobolewe matundu ya kufungia klachi ya Series, na bushi mpya ikawekwa katikati ya kranki, mhimili mkuu wa injini, ili ipokee ncha ya shafti ya giaboksi. Chujio la zamani la hewa, lile la bakuli la oili, liliondolewa likawekwa la karatasi, maana magurudumu ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na punje ya mchanga ikipita hapo huyatafuna meno yake. Ekzosi ilitengenezwa upya kwa bomba pana, kazi ya siku moja.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni breki. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu kupitia kabureta, na mvuto huo ndio unaosaidia mguu wa dereva kwenye seva ya breki. Injini ya dizeli haina mvuto huo. Gereji isiyojali ingenikabidhi gari lenye farasi 111 na breki ngumu kama jiwe, nami ningegundua kwenye mteremko. Fundi huyu aliihifadhi pampu ya kuvuta hewa iliyokuja na 200Tdi, akaiunganisha kwenye seva, kisha akagoma kunipa funguo hadi viatu vya breki vya magurudumu yote manne vibadilishwe, ingawa nilimwomba nilipe mwezi unaofuata. Alivinunua kwa fedha yake akanikopesha.

Sasa lawama. Hewa inayosukumwa na tabo hupata joto kwa kule kubanwa, na hewa yenye joto hutanuka, kwa hiyo hupozwa kwanza kwenye kipozeo ambacho mafundi wetu hukiita intakula. Ndani ya pua ya Series hakuna nafasi ya intakula, rejeta na feni ya zamani kwa pamoja. Gereji iliamua kuisogeza rejeta, kuiweka intakula ubavuni mwake, na kutumia feni ya umeme yenye swichi ya mkono. Mpangilio huo ni sahihi. Kosa ni kwamba rejeta iliyorudishwa ilikuwa ileile ya baba, iliyonyweshwa maji ya visima kwa miaka mingi, na hakuna aliyeifungua kuiangalia ndani.

Mjini haikuonyesha dalili. Nilikwenda Mikindani na kurudi, nikaenda hadi Lindi, geji ya joto ikatulia. Wiki ya tatu nilibeba magunia 8 ya mahindi kutoka Masasi kwenda nyumbani Newala, saa nane mchana, na tulipoushika mlima wa kuingia uwandani sindano ilianza kupanda taratibu, nami nilikuwa nimesahau kuwasha feni, kwa sababu ukumbusho pekee wa swichi hiyo ulikuwa kichwa changu. Nilipoiwasha, gari lilikuwa limekwisha kuchemsha. Silinda hedi ya 200Tdi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ni ya alumini, na alumini ikipata moto kupita kiasi hupinda, gasketi ikaungua, na injini ya mamilioni ikageuka chuma chakavu. Nilizima, nikakaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima pamoja na mdogo wangu, tukiangalia mvuke na kuhesabu hasara. Kwa rehema za Mungu hedi ilikuwa salama.

Nilipolirudisha gari, rejeta ilifunguliwa mbele yangu, na karibu nusu ya mirija yake ilikuwa imezibwa na ukoko wa chumvi. Fundi hakubishana wala hakunitupia mzigo wa swichi. Aliweka kiini kipya cha rejeta bila malipo, akatengeneza kava ya bati kuizunguka feni ili hewa yote ipite kwenye rejeta, na akafunga swichi ya joto inayoiwasha feni yenyewe. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo siwezi kuipa gereji alama zote, lakini tangu siku ile nimepanda Newala mara 6 nikiwa na mzigo na sindano haijavuka katikati.

Mwendo wa gari ni tofauti kabisa. Mlima uliokuwa unapandwa kwa gia ya pili, huku nikiomba dua, sasa ninaupanda kwa gia ya tatu tangu chini, na tabo inaposhika mtu huhisi kama mkono umewekwa mgongoni mwa gari. Kwa lita 1 ya dizeli ninapata kilomita 9 na nusu kati ya Mtwara na Lindi, na 8 nikiwa na mzigo wa kupeleka uwandani. Kelele zimeongezeka. Dizeli hii hugonga kwa sauti kali, hasa ikiwa silensa asubuhi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na anayetaka kuzungumza na abiria wake kwa upole ajue hilo mapema. Mazoea pia yamebadilika: nikifika baada ya safari ndefu ninaiacha silensa dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iendelee kuipoza tabo, na sikanyagi mafuta kwa hasira nikiwa gia ya kwanza, kwa kuwa giaboksi ya Series haikuundwa kwa nguvu hii.

Kasoro iliyobaki haikutokana na uzembe wa mtu, imo kwenye hesabu ya difu. Difu za Series zina uwiano wa 4.7 kwa 1, uliopangwa kwa ajili ya injini dhaifu. Kwa matairi yangu ya 7.50-16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa huilazimisha injini izunguke karibu mara 2,900 kwa dakika, yaani mbali sana na ile 1,800 ambapo nguvu yake ya mzunguko imekaa. Kwenye lami ya kwenda Lindi injini inalia kama inayotafuta gia ya tano isiyokuwepo. Dawa yake ni difu za uwiano wa 3.54, ambazo zingeishusha mizunguko hiyo hadi 2,200 hivi, lakini ni lazima zibadilishwe mbele na nyuma kwa pamoja, maana zikitofautiana, siku utakapoingiza gia ya kuendesha magurudumu yote manne yatashindana hadi kitu kivunjike. Fundi alinieleza haya kabla ya kuanza, nami ndiye niliyeahirisha kwa ajili ya fedha.

Malipo ya ufundi yalikuwa shilingi milioni 1 na laki 8, mbali na spea, na kazi iliyoahidiwa wiki 3 ilichukua wiki 5, nyingi zikiwa za kusubiri flaiwili. Jambo moja gereji haikuniambia: namba ya injini na aina ya mafuta vimeandikwa kwenye kadi ya gari, na vikibadilika kadi nayo irekebishwe TRA, mamlaka ya mapato, baada ya gari kukaguliwa. Nunua injini yenye hati za kuonyesha ilikotoka, na uihifadhi risiti.

Difu ya mbele ya 3.54 nimekwisha kuipata. Ya nyuma, ile nzito ya aina ya Salisbury, bado naitafuta, na zikitimia zote mbili nitalirudisha gari kwa fundi yuleyule wa Chikongola.