Vitwitwi wawili wa Momella: yupi wa kumfuatilia?

Kati ya Septemba na Aprili, kwenye maziwa ya Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unaweza kuwakuta ndege hawa wote wawili wakichokoa tope: kitwitwi mdogo, Calidris minuta, na mwenzake mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea. Wote huzaliana kaskazini kabisa mwa Urusi.

Kuwatofautisha si kazi. Mdogo ana kimo cha shomoro, mdomo mfupi ulionyooka, na hudonoa juujuu huku akikimbiakimbia. Mwenzake ni mkubwa zaidi, huingia majini mpaka tumboni na kuchomeka mdomo topeni. Akiruka, tazama juu ya mkia: ni peupe. Mwezi wa nne, kabla ya kuondoka, wengine huwa wameshageuka rangi ya tofali.

Kwenye uhifadhi ndipo wanapoachana. Mdogo, katika Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya viumbe kutoweka), hana tishio kubwa. Mwenye mdomo uliopinda alihamishwa mwaka 2024 kutoka kundi la wanaokaribia kutishiwa hadi la walio hatarini. Wale wanaopitia Asia Mashariki wamepoteza matope ya Bahari ya Njano, yaliyofukiwa kwa ujenzi. Huko wanakozaliana nako kuna shida: panya waitwao lemingi wakiadimika, mbweha wa aktiki hugeukia mayai na makinda.

Kwa hiyo mwenye asubuhi moja tu na darubini amfuate huyu wa pili. Mdogo (simdharau, jamani) hushuka hata kwenye madimbwi ya bara yasiyo na jina.