Global Solar Atlas: naipa nyota nne, ya tano imebaki kwenye tenki la jirani

Fundi aliyekuja kunipimia sola alisimama uani, akakunja macho, akaangalia juu, akasema "jua lipo bosi, usiwe na wasi". Sasa lipo kiasi gani? Hana jibu. Nikaingia ndani nikafungua Global Solar Atlas, ile ramani ya mionzi ya jua ya Benki ya Dunia ambayo data zake zinaandaliwa na kampuni ya Solargis, ipo tangu 2017 na kuitazama ni bure kabisa, hamna kujisajili.

Unazuum mpaka kwenye paa lako, unabofya, namba zinashuka pembeni. GHI ni mionzi yote inayoangukia mahali palipolala bapa. DNI ni ile inayokuja mstari mmoja kutoka kwenye jua, hiyo waachie wenye mitambo ya vioo vinavyokusanya jua sehemu moja. We mwenye bati tafuta PVOUT, yaani umeme ambao kilowati moja ya paneli ingekutolea kwa mwaka, na hapo joto limeshahesabiwa, maana paneli ikichemka inapoteza nguvu kama asilimia 0.3 mpaka 0.4 kwa kila nyuzi ikipita 25.

Ila msifanye kama mimi, niliona PVOUT nikagawa kwa 365 nikafurahi. Tuseme imekuja 1,600, hiyo ni kama yuniti 4.4 kwa siku kwa kila kilowati, sawa, lakini huo ni wastani na betri haijazwi na wastani. Shuka chini kwenye lile jedwali la rangi, miezi juu, saa pembeni, utafute mwezi uliofifia kuliko yote, paneli na betri upange kwa mwezi huo. Kwangu mimi hilo jedwali ndo utamu wote wa hii kitu na watu wengi hata hawafiki huko chini.

Namba zenyewe zinatoka kwenye setilaiti za hali ya hewa kama Meteosat, zinapiga picha mawingu siku nzima, wanachanganya na vumbi na mvuke wa hewani, kwa baadhi ya maeneo kumbukumbu zinaanzia 1994. Kwa hiyo mawingu inayaona, milima inaijua, ila tenki la maji la jirani haina habari nalo. Na tenki hilo ikifika saa tisa alasiri linalaza kivuli kwenye kona ya paa langu, na paneli zikiungwa mfululizo moja ikiwa kivulini inazivuta na wenzake.

Nikasema basi nipime mwenyewe, nikanunua kakipimo ka mkononi ka bei rahisi. Saa sita mchana kakasoma wati 1,140 kwa mita ya mraba, nikajua nimepigwa, si wanasema jua kali ni kama 1,000? Kumbe kulikuwa na wingu jeupe pembeni ya jua linarudishia mwanga chini, likasogea mbele ya jua namba ikaporomoka mpaka 300 na kitu, hata dakika haijaisha. Kusoma mara moja hakukwambii chochote. Wanaojenga mitambo mikubwa wanafunga piranomita ya daraja A, yaani kipimo cha mionzi cha usahihi wa juu, chenye kuba ya kioo, wanaifuta vumbi na kinyesi cha ndege, wanaiacha angalau mwaka mzima, halafu ndo wanasahihisha data za setilaiti kwa vipimo vya pale pale. GHI ya mwaka kwenye ramani inaweza kukosea kama asilimia 4 mpaka 8, kwa paa langu haininyimi usingizi, kwa mtu anayekopa kujenga megawati 50 ni kesi nyingine.

Kivuli nimekimalizia kwenye PVGIS, kikokotoo cha sola cha mtandaoni cha Tume ya Ulaya, nacho bure, sura yake imechoka kidogo ila inakupa data za saa kwa saa na unaweza kuiwekea vizuizi vyako. Nilipanda juu na simu, nikapima tenki limeinuka nyuzi ngapi na liko upande gani, nikaingiza. Zile saa za alasiri zikanyauka palepale kwenye grafu. Nimemtumia fundi picha yake, kajibu "tuhamie upande wa pili wa paa bosi", kwa hiyo sasa nasubiri ngazi.