Ati "kadi imekufa"! Fundi huyu msimpe draiva zenu

Naandika nina hasira na sitaki zipoe. Kama uko Unguja na kompyuta yako ya mezani ndiyo inayokulisha, soma hapa kabla hujaipeleka mjini.

Mie nahariri video za harusi. Kadi yangu ya grafiki, kile kifaa kinachotoa picha kwenye skrini, ni GeForce GTX 660, ya zamani, lakini haijawahi kuniangusha. Hivi karibuni umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa nguvu, pawa saplai ikaungua. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja, si mbali na Darajani. Pawa saplai aliibadilisha siku ile ile, kwa bei ya haki. Angeishia hapo ningempa nyota zote.

Hakuishia. Bila ya kumtuma, akachomeka flashi yake, akafungua programu moja inayoapdeti kwa mkupuo draiva zote, yaani zile programu ndogo ambazo Windows huzitumia kuendesha vifaa vya kompyuta, akabofya, akaenda zake kuswali. Aliporudi, aikoni zilikuwa kubwa kama visahani vya kahawa, maandishi yamefifia, na programu yangu ya kuhariri haifunguki kabisa.

Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni draiva, nirudishie ya mwanzo." Hata uso hakuinua. "Bi mkubwa, kadi imekufa hii. Ninayo nyingine hapa, nikuwekee?" Nikamwomba basi afungue Device Manager, ile orodha ya vifaa na draiva zake ndani ya Windows, tuangalie pamoja. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Leo tumepata mwalimu." Mbele ya wateja! Kijana wa umri wa mwanangu. Nikabeba kompyuta yangu nikaondoka.

Nyumbani nikaifungua Device Manager mwenyewe. Imeandikwa wazi: Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo ni draiva ya akiba ya Windows, inayoshika zamu draiva halisi ikikosekana. Kadi ilikuwa hai, inaonesha picha, haikuwa na mtu wa kuiendesha tu. GTX 660 ni ya kizazi cha Kepler, na tangu 2021 kizazi hicho kimebakishwa kwenye draiva za familia ya 470. Za baada yake haziitambui. Mpaka 2024 zilikuwa zinatoka za kuziba matundu ya usalama tu. Sasa mtu anayebofya "apdeti zote" bila ya kusoma jina la kadi anatarajia nini?

Usiku, bando likiwa rahisi, nikaingia tovuti ya NVIDIA, wenye hizo GeForce, nikachagua jina la kadi na aina ya Windows, nikashusha ya 470. Faili ni mamia ya MB, lina uzito wake. Halafu nikazima waifai, maana Windows ikiona intaneti hujipachikia draiva inayoitaka yenyewe. Nikaingia Safe Mode, Windows inayowaka na vitu vya lazima tu, nikafuta mabaki yote kwa Display Driver Uninstaller, programu ya kung'olea draiva za kadi, nikawasha upya, nikaiweka ile ya 470. Skrini ikazima, roho ikanipaa, ikarudi na maandishi yamekaa sawa. Wallahi nilipiga kigelegele peke yangu chumbani, na video ya bibi harusi wa watu ikafunguka.

Nilikusudia kusema msiende kabisa. Lakini nisimdhulumu, pawa saplai yake mpaka leo inafanya kazi vizuri, haipigi kelele, na kwa kazi za waya na solda mkono wake ni mzuri. Labda kweli hakujua, hakukusudia kunidanganya.

Hapana. Kama hakujua, kufungua Device Manager kungemgharimu nini? Alikuwa tayari kunikamua pesa za kadi nzima, pesa ambazo kwangu ni malipo ya harusi mbili, na akanicheka juu yake. Nyota moja, nayo ni ya pawa saplai. Ukilazimika kwenda kwake, usiondoke ukaenda kunywa chai. Simama pale pale, na akitoa flashi mwambie airudishe mfukoni.