App ya kamusi ya Kihispania: kwenye uchumi inaniangusha, nyota 3

Nimeitumia toleo la kulipia karibu miezi minne, natafsiri habari za biashara kila siku, na kwa maneno ya kawaida iko poa kabisa, matamshi yanasikika vizuri, vitenzi vyote vimenyambuliwa. Shida inaanza ukiingia kwenye uchumi. Andika mdororo, inakupa crisis (mgogoro). Andika anguko, crisis. Ukuaji kupungua kasi, crisis tena jamani!

Desaceleración ni uchumi bado unakua ila mwendo umepungua. Estancamiento, umeganda palepale. Recesión ndo unarudi nyuma kabisa, wengi wanahesabu robo mbili za mwaka mfululizo, halafu depresión ni ule mporomoko mrefu wa kuumiza watu, ndo maana ya 1929 wanaiita Gran Depresión na ya 2008 Gran Recesión. Mi nilipeleka kazi nimeandika recesión mahali pa desaceleración, mteja akairudisha na alikuwa sahihi, msomaji angeamini uchumi umeshaanza kusinyaa. Na hili neno sio la kuchezea, Hispania mwaka 2008 serikali ya waziri mkuu Zapatero ilikuwa inakwepa kutamka crisis, inasema desaceleración, wapinzani wakaibana kwa hilohilo neno. App ingeweka hata mfano mmoja kama huo mtu ungemkaa kichwani.

Maneno ya watu wa kawaida ndo imeyatupa kabisa. Vacas flacas inaandika "ng'ombe waliokonda" basi, wakati ni kipindi cha ukata, wale wale ng'ombe wa ndoto ya Farao. Corralito eti "zizi dogo"! Mtajie Muargentina uone, anakumbuka Desemba 2001, hela yako iko benki na kutoa keshi mwisho peso 250 kwa wiki. Recortes inasema "vipande", kumbe kwenye habari ni serikali kubana matumizi, hospitali na shule zinapunguziwa bajeti.

Walichopatia ni wingi: la crisis, las crisis, neno halibadiliki, wameliweka wazi na hapo wanafunzi wengi wanakosea.

Kwa sasa kila neno la uchumi nalihakikisha kwenye kamusi ya Real Academia Española mtandaoni, ni bure, ila maelezo yote ni kwa Kihispania kwahiyo anayeanza atapata tabu. Wakileta apdeti yenye mifano ya sentensi narudi kuongeza nyota.