Mzee Vifungo: mdoli niliyemshona ili kijana wangu ajue kuvaa

Kijana wangu ametimiza miaka minne na ameanza chekechea. Sare yao ni shati jeupe la vifungo sita na kaptula ya zipu. Nyumbani alizoea fulana na bukta ya lastiki, kwa hiyo wiki ya kwanza kila asubuhi ilikuwa vita: yeye analia, mimi nafunga, bajaji inapiga honi nje. Mwalimu wake akanidokeza kwamba mtoto akibanwa na haja, ile zipu humchelewesha. Mengine nilijionea mwenyewe kwenye beseni la kufulia.

Nilianza kwa kuagiza mtandaoni kitabu cha kitambaa chenye zipu na vifungo, shilingi 38,000. Pichani kilipendeza. Kilichofika kilikuwa chepesi kama kitambaa cha kufutia miwani, na vifungo vimebandikwa kwa gundi. Haikupita wiki mbili nikakitoa kimoja mdomoni mwa mdogo wake, ambaye ana mwaka mmoja na nusu. Hapo hapo nikaamua kushona mdoli wa kwangu.

Nina cherehani nyeusi ya Butterfly niliyorithi kwa mama. Inashona mshono ulionyooka tu, haijui zigizaga, maana yake tundu la kifungo lazima ulifanye kwa mkono. Ndiyo maana shati la mdoli sikulishona kabisa. Nilichukua shati la zamani la baba watoto nikakata sehemu ya mbele, vifungo na matundu yake vikiwa tayari. Juu yake nikamvalisha koti la jinzi iliyotoka kwenye suruali ya mtumba ya soko la Karume, shilingi 3,000, na koti hilo nikalipa vifungo vitatu vikubwa vya milimita 25. Vile vya shati vina milimita 11 tu, na vidole vya mtoto wa miaka minne havianzii hapo. Tundu nilikata la milimita 30, yaani upana wa kifungo pamoja na unene wake, kisha nikalizungushia uzi kwa sindano, mishono imebanana. Kila tundu lilinila karibu nusu saa. Nyuma ya kitambaa niliweka ile gundi ya pasi ambayo mafundi huiweka ndani ya kola, la sivyo jinzi huchanua nyuzi.

Kifungo chenyewe usikishone kikalala bapa juu ya kitambaa. Weka njiti ya kiberiti kati yake na nguo, shona, toa njiti, kisha zungusha uzi mara tano sita pale chini ili kifungo kisimame kwenye kishina chake. Mtoto anapata mahali pa kukishika, na koti la jinzi nene halikunjamani. Nilitumia uzi wa nailoni wa mafundi viatu. Baada ya kumaliza nilining'inia kwa mkono mzima kwenye kila kifungo, kwa sababu ya yule mdogo. Hata hivyo hachezei peke yake.

Suruali ya mdoli ina zipu ya meno makubwa ya plastiki, na kwenye kishikio chake nimefunga utepe. Viatu ni vipande vya ngozi ambavyo fundi viatu wa kona alivitoboa na kuvipiga macho ya chuma, manne kila upande. Kamba ya kushoto nyeupe, ya kulia nyeusi, ili nikisema "nyeusi juu ya nyeupe" anielewe. Ni fupi, hazifiki shingoni. Kifuani nikaweka na kifuko kinachofungwa kwa ile ya kunata inayolia "kwaaa". Hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote, na ndicho kisichomfundisha chochote. Alikifungua na kukifunga siku nzima mpaka nikatamani kukifumua.

Akampa jina mwenyewe: Mzee Vifungo.

Kufungua alikuwa anajua ndani ya siku tatu. Kufunga kulichukua wiki nyingi zaidi, na kilichotusaidia ni kuanzia mwisho. Mimi nakipitisha kifungo tunduni hadi katikati, yeye anakivuta kitoke upande wa pili. Akizoea hivyo, naanza mimi robo tu, anamalizia yeye. Siku moja nikajikuta sina kazi. Mwezi wa pili alikuwa anamvalisha Mzee Vifungo koti na shati bila msaada, nami nikaanza kujisifu kwa majirani.

Asubuhi iliyofuata nikampa shati lake la shule. Akaduwaa nalo kana kwamba hajawahi kuona kifungo maishani.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa mtaani kwetu, mama mtu mzima ambaye kijana wangu humwita Bibi Cherehani. Alimtazama mtoto akihangaika, akamtazama mdoli, akacheka. "Umemfundisha kinyume, mwanangu." Shati la kiume vifungo viko kulia kwa aliyelivaa na matundu kushoto. Lakini Mzee Vifungo ameketi akimtazama mtoto uso kwa uso, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa mtoto. Miezi miwili mizima mwanangu alikuwa anashika kifungo kwa mkono wa kushoto, na kwenye shati lake mwenyewe kikamjia kulia. Tena mdoli unamwona wote mbele yako, wakati shati ulilovaa unalitazama kutoka juu, kidevu kimekuzuia. Bibi Cherehani akasema kama nilitaka mdoli, ningekata blauzi badala ya shati, maana blauzi vifungo viko upande mwingine, na mtoto wa kiume akiitazama kwa mbele inamkaa sawasawa na shati lake.

Sikukata blauzi. Nililifumua lile koti na lile shati nikavishona kwenye kizibao cha kitenge kinachofungwa nyuma kwa lastiki, kijana akakivaa kifuani mwake. Kilichokuwa mchezo wa mdoli kikawa nguo ya mchezo. Siku nne baadaye alifunga vifungo vinne kati ya sita vya shati la shule. Cha juu kabisa kinamshinda mpaka leo, na sioni ajabu, maana hata baba yake hukifunga akitazama kioo.

Shule za Montessori, mfumo wa kufundisha watoto wadogo ulioanzia Roma mwaka 1907, zina fremu za mbao zenye vitambaa viwili vya kufunga na kufungua, na kila fremu ina aina moja tu: ya vifungo peke yake, ya zipu peke yake. Mimi nilimrundikia Mzee Vifungo kila kitu, na mtoto akawa anarukaruka. Kifungo kikimkasirisha, anakimbilia kwenye "kwaaa". Ningeanza upya ningeshona vipande vitatu tofauti.

Kosa lingine ni kumjaza sufi. Ni laini na nyepesi, lakini alipomwagikiwa uji nikamfua, sufi ikagandamana mabonge na Mzee akakaa siku tatu kambani akinuka. Ukishona, acha mgongo wenye zipu utoe kilichomo kabla ya kufua. Na kitenge chekundu kiloweke kwanza, maana shati la mdoli sasa ni la waridi.

Gharama yote, ukiacha nguo za zamani, ilikuwa shilingi 13,500, jinzi, zipu, vifungo, macho ya viatu na sufi vikiwemo. Muda ni jioni tano. Zipu ya kaptula anaimudu na haja hazitutokei tena njiani. Kamba za viatu bado: anapishanisha vizuri, kitanzi cha pili kinamtoroka.

Dada yangu ameona kizibao, anataka cha binti yake wa miaka mitatu. Nimeshanunua blauzi ya mtumba kwa ajili ya kazi hiyo. Vifungo kushoto.